Dirisha la Mujinga

Kabla ya kuwasha kompyuta, Prefe aliigonga mgongoni kwa vidole viwili na kusema, "Hodi." Kisha alitugeukia sisi tuliokuwa ofisini na kungoja. Ilikuwa lazima mmoja wetu aitike "Karibu", kwa sababu mashine, alivyodai, haikulelewa vizuri na isingeitika yenyewe. Siku nilizoamka na kichwa kinauma nilinyamaza makusudi, nione atafanya nini. Alingoja. Angeweza kungoja mpaka jenereta iishiwe mafuta. Mwishowe niliitika kwa hasira, naye akabonyeza kitufe kama vile hatukuwa tumeshindana.

Nimefanya kazi na watu wagumu wengi, Kamina na baadaye Lubumbashi, lakini hakuna aliyenichosha kama mzee yule. Wala hakuna ninayemkumbuka mara nyingi kama yeye, na hilo nalo linanichosha.

Alikuwa prefe kweli, mkuu wa shule ya sekondari, kabla vita havijaijaza shule yetu watu waliokimbia kutoka Malemba-Nkulu na magodoro yao na kuku wao. Shule ilikwenda, cheo kikabaki. Muuza makaa alimwita Prefe, mchungaji alimwita Prefe, na hata mke wake, aliyejua jina lake tangu ujana, alisema "Prefe anakula" au "Prefe amelala". Mimi nilikuwa mwalimu wa hesabu chini yake. Tulipokosa madarasa, ofisi ya kanisa la Wamethodisti ilituchukua wote wawili: yeye kwa sababu alikuwa muumini wao na alisoma Kiingereza kidogo, mimi kwa sababu nilijua kupiga chapa. Mimi si wa kanisa lile. Sisi ni Waislamu, watu wa Maniema, baba yangu aliuza vitambaa sokoni, na Kiswahili kwetu ndiyo lugha tuliyonyonya. Prefe kwao ilikuwa Kiluba kwanza. Kiswahili alijifunza kama alivyojifunza Kifaransa, kwa kukikazia macho. Nataka hilo likumbukwe, maana ndilo lililokuja kutugombanisha.

Hakuniita kwa jina hata siku moja. Nilikuwa "Madame". Akikasirika nilikuwa "Madame wa hesabu", na neno hesabu alilitamka kama jina la ugonjwa wa ngozi.

Sasa niieleze kazi yenyewe. Katika kukimbia, watoto wengi walikuwa wamepotezana na wazazi wao. Wengine waliishia kwetu Kamina, wazazi wameishia Lubumbashi au ng'ambo ya mpaka, kwenye makambi ya Zambia. Tuliwapiga picha watoto, tukaziingiza picha kwenye kompyuta, na Prefe akatengeneza kurasa za kuwekwa kwenye intaneti. Intaneti yenyewe Kamina haikuwapo. Kurasa zilisafiri ndani ya disketi, kwa ndege ndogo ya misheni ambayo ilikuja ikipenda, hadi Lubumbashi na kutoka huko hadi kwa kijana mmoja Ulaya aliyezipandisha hewani. Halafu kambini Zambia palikuwa na ofisi yenye kompyuta na laini ya simu, ambako akina mama walipanga foleni kutazama nyuso. Huko kila kitu kilikuwa kizito. Picha moja kubwa ilichukua muda wa kuchemsha maharagwe. Ndiyo maana ukurasa ulionyesha picha ndogondogo tu, kila moja kama stempu, na mzazi akiona uso anaoudhania, aliubonyeza. Hapo lilitakiwa lifunguke dirisha jingine dogo, juu ya lile la kwanza, na ndani yake picha ileile ikiwa kubwa, mtoto akuangalie usoni.

Kulikuwa na kanuni moja. Mzazi hakuambiwa chochote kuhusu mtoto zaidi ya jina lile lililoandikwa chini ya picha. Alitakiwa yeye mwenyewe aione ile picha kubwa na kusema: huyu ni wangu, ana kovu hapa, jino lake limekaa hivi. Wenye ofisi ya kambini walikuwa wanaogopa watu wanaookota watoto wasio wao kwenda kuwatumikisha. Kwa hiyo dirisha lisipofunguka, hakuna kitu. Stempu haionyeshi kovu.

Maelezo ya kufanya madirisha yafunguke yalikuwa kwenye karatasi alizoachiwa na rubani mmoja, zimechapwa upande mmoja, kurasa za katikati hazipo. Prefe alizisoma kama mahubiri. Amri yenyewe ilikuwa ya Kiingereza, window.open, naye aliisoma kwa Kifaransa, "vindo oupène", kwa sauti, kila alipoiandika. Aliipenda skripti, yaani hayo maandishi ya amri, kwa sababu moja ambayo bado inanichekesha: ilikasirishwa na nukta. Ukisahau nukta-mkato mwisho wa mstari, ukurasa wote unagoma, na mashine inakuambia mstari gani.

"Unaona, Madame?" alisema. "Inasema mustari, inasema kosa. Hata inspecteur hakuwa anasahihisha vizuri hivi."

Akiwa na hasira alikuwa anaitukana kwa Kiluba. Kiluba alikiweka kwa ajili ya sala na matusi. Na kulikuwa na dalili nyingine. Waluba wengi wa kwetu husema "l" panapotakiwa "r", naye, kwa kuwa alisomeshwa na watu wakali, aliitamka "r" kwa nguvu mpaka ikakoroma. Lakini moyo ukimchafuka, zile "r" zote zilimkimbia. Ukisikia "Madame, usinikasilishe", ujue ni wakati wa kwenda kuchota maji.

Nilimkasirisha mara nyingi kuhusu ukubwa wa madirisha. Nilitaka yote yawe saizi moja. Kazi ingekwisha haraka. Yeye alipima kila picha na kuandika upana wake na urefu wake, ili dirisha limkae mtoto sawasawa, bila mwanya mweupe pembeni. Umeme unakatika, jenereta inakohoa, watoto wanangoja uani kupigwa picha, na mzee amekaa anapunguza dirisha kidogo, anaongeza kidogo, anafunga, anafungua.

"Prefe, nani ataona huo mwanya?"

"Mama yake."

"Mama yake ataona mtoto."

"Ataona mutoto mu nyumba ya kuazima," alisema, akaendelea kupima.

Niliona ni upuuzi, na leo bado naona nusu yake ilikuwa upuuzi. Nusu ya pili niliiona siku alipokuja mfanyabiashara wa samaki kutoka Bukama, akimtafuta mtoto wake wa kiume. Prefe alimfungulia dirisha. Yule baba akavua kofia, akainama, akamsalimu mtoto kwenye kioo, "Yambo, mwanangu," halafu akatuuliza mbona hajibu. Mtoto wake alikuwa nyuma ya ofisi anacheza. Tulimwita. Prefe alifunga dirisha taratibu kwa heshima, akatoka nje, akajifanya anakagua jenereta.

Alikuwa mtu wa kupingana na nafsi yake. Alitukataza kupiga kelele, na yeye aliipiga meza teke. Alikusanya nyuso za watoto wote wa Kamina, lakini yeye mwenyewe alikataa kupigwa picha. Kila kamera ilipotokea alikumbuka ana mahali pa kwenda. Alisema chai inapoteza wakati, halafu alimega mandazi yangu bila kuuliza. Aliwapiga fimbo vizazi viwili vya wanafunzi kwa ajili ya herufi kubwa, na wanafunzi haohao, wakubwa sasa, walimletea kuku Krismasi.

Herufi kubwa ndiyo ilikuwa dini yake ya pili. Jina la mtu linaanza na herufi kubwa. Mengine angeweza kuyasamehe. Wakati mmoja, vita vikiwa vimechacha, tulisimamishwa na askari karibu na stesheni. Askari alikuwa amelewa, bunduki begani, akatuandikia kibali cha kupita. Prefe akakisoma, akatoa kalamu mfukoni, akarekebisha jina langu, kisha la kwake, kisha la mji. Askari akamwangalia sana. Halafu akamsogezea karatasi nyingine, akauliza kwa sauti ndogo:

"Na yangu, Papa? Iko muzuri?"

"Haiko muzuri," akasema Prefe. "Weye ni muntu. Anza na majuscule." Akamsahihishia, tukapita.

Nilisimulia kisa hicho miaka mingi kama kichekesho. Siku hizi nikikisimulia nakatisha mapema, kwa sababu najua herufi hiyohiyo ilitufikisha wapi.

Siku moja aliletwa msichana mdogo na watu wasio ndugu zake. Walisema alijiunga nao njiani, baada ya Malemba, akawa anatembea nyuma yao na wao hawakuwa na moyo wa kumfukuza. Gauni alilovaa alikuwa amepewa na mmoja wao. Hakulia, hakuongea. Tulimuuliza kwa Kiswahili, kwa Kiluba, kwa ishara: mama yuko wapi, kijiji gani, baba anaitwa nani. Kila swali alijibu neno moja.

"Mujinga."

Mimi nilishika mdomo. Kwetu neno hilo lina maana moja tu, na si ya kumwambia mtoto. Nikasema, "Maskini, nani alimzoesha kujiita hivyo?"

Prefe alinigeukia kama nimemtemea mate. "Madame wa hesabu! Kwenu njo tusi. Kwetu njo jina. Mutoto akizaliwa, kitovu imemuzunguluka mu shingo, anaitwa Mujinga. Iko jina ya heshima. Huyu alipona mbele ya kuzaliwa." Zile "r" zilikuwa zimeshaondoka zote.

Nikaomba radhi. Nilijua wapo akina Mujinga wengi Kamina, nilifundisha kadhaa darasani; ila sikuwahi kulisikia limetoka hivyo, peke yake, bila ukoo nyuma yake. Prefe alichuchumaa mbele ya mtoto, akamwambia kitu kwa Kiluba, akamshika mkono. Jioni hiyo alimpeleka kwake. Picha yake tuliipiga kesho yake, na chini ya sikio la kushoto alikuwa na alama ya moto, ndogo, iliyokunjamana. Kwenye picha kubwa ilionekana wazi. Kwenye stempu ulikuwa ni uso tu, kama nyuso za watoto wengine wote wenye njaa.

Disketi ikaenda. Ndege ikarudi baada ya muda mrefu na barua kutoka kwa kijana wa Ulaya: madirisha yanafunguka, lakini ni matupu. Picha ndogo zinaonekana, kubwa hazionekani.

Kwetu zilionekana. Tulibonyeza zote, moja baada ya nyingine, mbele ya mashahidi. Prefe akatuma tena. Jibu likaja: matupu. Akaandika skripti yote upya kwa mkono, akaihamisha, akatuma. Matupu. Siwezi kueleza vizuri hasira ya miezi ile. Ukikosea hesabu ubaoni, unaliona kosa, unalifuta. Hili kosa lilikuwa mahali ambapo hatuwezi kufika wala kuona, tukifanya kazi kwa kusimuliwa na barua. Kila swali lilipanda ndege na kila jibu lilisubiri askari waruhusu ndege itue. Prefe alikonda. Mimi nilianza kumchukia kijana ambaye sikuwahi kumwona, na karatasi za rubani, na kurasa zake za katikati zilizopotea.

Mwishowe kijana aligundua, akaandika. Mashine ya kule Ulaya, alisema, ilikuwa inageuza jina la kila picha kuwa herufi ndogo tupu. Na kwa mashine ile, tofauti na kompyuta yetu, herufi kubwa na ndogo ni vitu viwili. Picha ndogo zilionekana kwa sababu programu yetu iliandika majina yake yenyewe, kwa herufi ndogo. Lakini skripti ya picha kubwa aliiandika Prefe kwa mkono wake, na Prefe aliandika kila jina la mtoto kama alivyofundisha maisha yake yote. Dirisha lilikuwa likimwita mtoto kwa herufi kubwa, na huko ndani hakuna mtoto wa jina hilo. Dawa ilikuwa rahisi: andikeni majina yote kwa herufi ndogo.

Katika barua hiyohiyo kulikuwa na mstari mwingine. Kambini kuna mama ambaye amesimama mara kadhaa mbele ya picha ndogo ya Mujinga. Anasema labda. Anaomba kuiona kubwa.

Prefe alisoma barua akiwa amesimama, akaketi, akaisoma tena. Kisha akaanza kubadilisha. Alinung'unika kwa kila jina, kama mtu anayewavua watu kofia bila idhini yao, lakini alibadilisha: ilunga, ngoy, kabwe, banza, wote wakawa wadogo. Alipofika kwa Mujinga akatoa mikono mezani.

"Hii siandike."

Nilidhani anatania. "Prefe, hii ndiyo inayongojewa."

"Mujinga na majuscule iko jina. Mujinga na minuscule iko tusi. Weye mwenyewe njo ulisema."

"Ni jina la faili tu. Hakuna atakayeliona."

"Dirisha ikifunguka, jina inaandikwa pa juu yake. Umesahau? Mama yake atatoka mbali, atafungua, atasoma nini? Atasoma kama batu ba Kamina banasema mutoto yake iko mujinga."

Alikuwa sahihi kwamba jina lilitokea juu ya dirisha, kwenye ule mstari wa bluu. Hilo ndilo lililonikera zaidi, kwamba katika upuuzi wake daima kulikuwa na kitu cha kweli. Nikasema basi tubadilishe jina la picha, tuiite binti, tuiite mtoto, tuiite nambari. Akasimama.

"Nambali? Nambali banapangia batu balikufa ku hospitali! Huyu mutoto alikuya na nini, Madame? Nguo haikuwa yake. Viatu hakuna. Mama hakuna. Alikuya na jina paka, jina tu. Na weye unataka tumunyanganye hiyo pia?"

"Nataka mama yake amwone!"

"Atamuona. Bao ba kule njo batengeneze machine yabo. Machine haiwezi kufundisha bantu namna ya kuandika."

Nilipiga kelele. Sikuwahi kumpigia kelele mkubwa wangu kabla ya siku hiyo. Nilimwambia kwamba kambini hakuna mwalimu wa sarufi aliyekaa mlangoni kusahihisha, kwamba kuna mwanamke tu anayebonyeza picha na kupata weupe. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaandika Mujinga, kwa M kubwa, akaweka nukta-mkato, na chini akaandika barua ndefu ya Kifaransa kizuri sana, akimweleza kijana wa Ulaya maana ya jina hilo na kumwomba airuhusu mashine yake ilipokee kwa heshima yake. Disketi ikaenda hivyo.

Ile ndiyo safari ambayo ndege haikurudi. Haikuanguka, ilikatazwa tu. Uwanja ulikuwa wa askari sasa, ndege za kiraia zikakaa chini Lubumbashi msimu mzima wa mvua. Tulituma picha ya karatasi kwa watu waliosafiri kwa barabara; haikufika. Prefe alikwenda uwanjani kila alipopata nafasi, akasimama kwenye kamba, akarudi na tope kwenye viatu. Nyumbani kwake msichana alikuwa ameanza kuongea. Alimwita "tata", yaani baba, na alijifunza kugonga vitu kabla ya kuvishika. Nilimwona akiigonga sufuria ya mke wa Prefe na kusema hodi.

Ndege iliporuhusiwa, ilileta jibu fupi. Madirisha yote yanafunguka vizuri, asanteni. Isipokuwa la Mujinga, ambalo bado ni tupu. Kijana aliomba radhi, alielewa barua lakini mashine si yake na hawezi kuibadilisha. Yule mama alirudi kutazama mara nyingi. Mwishowe alisema kama wanamficha uso, basi si mtoto wake, mtoto wake amekufa. Ameondoka kambini na watu wengine. Hawajui ameelekea wapi.

Nilimsomea Prefe barua mimi. Nilingoja akasirike, nipate mtu wa kugombana naye. Alikaa tu ameitazama kompyuta iliyozimwa. Nikachukua mkoba wangu nikaenda nyumbani, na baada ya muda si mrefu nikaolewa Lubumbashi, nikaondoka bila kumuaga.

Mjini walisema maneno. Walisema Prefe na mkewe hawakujaliwa mtoto, kwa hiyo alijua alichokuwa anafanya. Dirisha alilifunga kwa makusudi, abaki na msichana. Nilisikia hayo hata Lubumbashi, kutoka kwa watu waliokuja na treni. Mimi niliyekuwapo niliwajibu kwamba si hivyo, kwamba ilikuwa ni kiburi cha mwalimu basi. Sijui ni tuhuma gani iliyokuwa nzito zaidi. Nilijua tu kwamba mahali fulani kuna mwanamke anayeamini mtoto wake amekufa, kwa sababu ya herufi moja, na kwamba herufi hiyo bado iko pale.

Vita vikaisha, kwa namna vilivyoisha. Miaka ikapita, nikaja Kamina kumwona baba yangu, ambaye alikuwa mgonjwa. Karibu na stesheni palikuwa pamefunguliwa nyumba ya intaneti, kompyuta chache na mapazia. Niliingia kutuma ujumbe kwa mume wangu. Ndani kulikuwa na mzee mmoja akimfokea mwenye duka.

"Balifunga dilisha yangu! Nani alibapa luhusa?"

Nilimjua kwa ile "luhusa" kabla sijamwona uso. Alikuwa amepungua mwili, fimbo imeegemea goti, miwani imefungwa uzi. Mwenye duka alikuwa akimbembeleza. "Papa, hatukufunga kitu. Hii programu ya sasa inakatala madirisha yenye kurukaruka, juu ya matangazo. Iko dunia yote hivi."

"Yangu haiko matangazo. Yangu iko mutoto."

"Prefe," nikasema.

Aligeuka. Akasogeza kiti cha pembeni kwa mguu, kama vile tuliachana jana. "Madame. Kuya uone. Bamefunga."

Ukurasa wetu ulikuwa bado hewani. Sikuamini. Zile stempu zilezile, rangi ileile mbaya ya kijani niliyomkataza. Nikamuuliza anafanya nini hapa. Akasema anakuja kila laini inapokuwa nzima, anafungua dirisha la msichana, anahakikisha linafunguka, anarudi nyumbani. Labda kule aliko mama atapita tena. Msichana je? Mzima, akasema, mrefu kumpita mke wake, yuko sekondari, kwenye hesabu ni hodari, bahati mbaya. Anajua habari zote. Prefe mwenyewe alimwambia.

"Batu banasema nilitaka kubakia na yeye," aliongeza, akiangalia kioo. "Labda. Minyi sijue. Nimejiuliza mingi, sijue."

Juu ya ukurasa kulikuwa na mstari wa njano ulioandikwa kwamba dirisha limezuiwa. Nikaubonyeza, nikachagua kuruhusu, kisha nikabonyeza stempu ya Mujinga. Laini ya Kamina ilikuwa nzito, tulisubiri. Dirisha likafunguka, saizi ileile aliyoipima, bila mwanya. Kwanza nywele, kisha paji, kisha macho, kisha alama ya moto chini ya sikio.

Prefe aliinua mkono, akagonga kioo kwa vidole viwili. "Hodi," akasema, akanigeukia na kungoja.

Lakini mimi nilikuwa nasoma jina juu ya dirisha. Nililisoma mara ya pili, nikasogea karibu.

"Prefe, hii ni herufi ndogo."

"Ndiyo."

"Ulibadilisha lini?"

"Siku ile ulitoka na sakoshi yako. Mama yake alikuwa amekwisha kuenda. Halafu njo niliketi, nikaandika." Alivua miwani, akaifuta kwa kona ya shati. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ila "r" hazikuwapo. "Usihuzunike, Madame. Jina ya mutoto iko mu makalatasi yake ya masomo, na majuscule, niliandika na mukono yangu. Hii ya hapa, na minuscule, haiko jina yake. Hii njo jina ya minyi."

Akajigusa kifua, akavaa miwani, akanitazama. Alikuwa bado anangoja.

"Karibu," nikasema.